Nyanya za Jumamosi: mume wangu amejua bei halisi ya sokoni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, naishi Arusha. Ni fundi cherehani na kazi yangu naifanyia sebuleni kwangu. Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa nashona sare za shule na magauni ya wateja, na kuna wiki namaliza siku nne sijavuka geti. Jumamosi ndiyo siku yangu. Saa moja asubuhi nachukua vikapu vyangu viwili vya ukindu, napanda hiace, nashuka Tengeru.

Kama umewahi kufika Tengeru siku ya soko utanielewa. Jumatano pia linakuwepo, ila Jumamosi ni habari nyingine. Mikungu ya mshare imesimamishwa kama watu kwenye foleni. Karoti bado zina udongo mweusi wa Meru. Kuna kaka mmoja wa parachichi ambaye hakuruhusu ubonyeze. Anakuuliza utakula lini, halafu anakuchagulia mwenyewe: "Hili la leo, hili la kesho, haya mawili ya Jumatano." Na kweli Jumatano ikifika, yale mawili yanakatika kama siagi. Shangazi, nikiwa pale najisikia mtu. Wananiita mteja wangu, wananiulizia watoto, wananionjesha chungwa kabla sijatoa hata shilingi.

Tatizo ni kwamba natoka nyumbani na elfu 40 ya matumizi ya wiki, na sijui mara ya mwisho kurudi na hata mia ni lini. Nilijikaza nikaandika manunuzi ya Jumamosi iliyopita, nakuwekea hapa uone: nyanya debe moja 14,000, mkungu wa mshare 12,000, maharage kilo tatu 9,000, sketi ya mtumba 7,000, vitunguu sado moja 6,000, parachichi ishirini 6,000, karoti 5,000, mnavu mafungu kumi 3,000, nauli na bajaji ya kurudi na mizigo 5,000. Jumla 67,000. Hiyo 27,000 iliyozidi niliitoa kwenye hela ya hisa zangu za kikoba. Ni mara ya tatu mwaka huu, na mara mbili nimelipa faini.

Na bado vinaoza. Sisi ni watu wanne. Ikifika Jumatano debe la nyanya limeshaanza kutoa maji chini, ndizi zimeiva zote kwa pamoja, mnavu umekuwa wa njano. Namwaga asubuhi na mapema kabla baba watoto hajaamka, nafunika na majivu.

Yeye ni fundi umeme, mtu mpole, hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Alipouliza kwa nini hela ya chakula haitoshi, nilimwambia bei zimepanda. Nikamwambia sado ya nyanya sasa ni elfu sita. Alinyamaza. Jumamosi iliyopita alikuwa na kazi Usa River, akarudi jioni na mfuko. Akatoa nyanya, akazipanga moja moja kwenye bakuli juu ya meza, pembeni ya debe langu. Akasema, "Leo Tengeru sado ni elfu tatu." Akaenda kuoga. Tangu siku hiyo hajaligusa tena jambo hilo. Ananisalimia, anakula, analala. Zile nyanya zake sijathubutu kuzipika. Ziko pale pale kwenye bakuli.

Kingine ambacho sijamwambia mtu. Kuna bibi mmoja anauza mnavu na figiri, anakaa pembeni kabisa juu ya kiroba. Ikifika saa kumi ananiita, "Mwanangu, nimalizie nirudi nyumbani." Mama yangu aliuza nyanya chungu sokoni mpaka nikamaliza darasa la saba. Siku alizorudi na mzigo tulizijua kwa hatua zake tu, kabla hajafungua mlango. Shangazi, mimi siwezi kumpita yule bibi. Nadhani yeye ndiye chanzo cha yote haya, huruma imenizidi.

Naona nimepata ugonjwa wa soko. Je, niache kabisa kwenda Tengeru? Na mume wangu nimwambie nini, au ninyamaze kama yeye alivyonyamaza?

Mama Wawili, Arusha

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu. Kwanza nikushukuru kwa ile orodha. Wengi wanaoniandikia kuhusu hela huniambia "nyingi" au "kidogo", wewe umeniletea hesabu na sketi ya mtumba ukaiweka humo humo. Aliye tayari kujianika hivyo mbele ya mtu asiyemfahamu, sidhani kama amepotea.

Niseme nilivyokuelewa, kama nimekosea unisahihishe. Unapenda soko, na soko linakupenda. Unanunua kuliko mnavyoweza kula, kinachozidi unakimwaga kwa siri, pengo unaliziba kwa hela ya kikoba, na juu ya pengo umeweka uongo wa bei. Sasa uongo umefumuka bila neno kusemwa, na kimya cha mumeo kimekukalia shingoni. Wewe unaona chanzo ni huruma yako kwa bibi wa mnavu.

Tuanze na huyo bibi, kwa sababu naona umemtwika mzigo usio wake. Rudi kwenye orodha yako. Mnavu ni 3,000. Ukimtoa bibi wote, bado umetumia 64,000. Sasa tazama vitu viwili vya juu kabisa: debe la nyanya 14,000 na mkungu 12,000. Hiyo ni 26,000, karibu sawasawa na ile 27,000 iliyokutoa kwenye hisa. Mambo yanaharibikia hapo, na hapo hakuna bibi aliyekuita. Ulisimama mbele ya debe ukapiga hesabu kwamba kwa jumla ni nafuu. Ni hesabu gani hiyo? Debe moja ni kama sado tano. Kwa bei aliyoikuta mumeo, sado tano ni 15,000. Ulinunua debe ili uokoe shilingi elfu moja, halafu sehemu kubwa ya debe ikaishia chini ya majivu.

Sikusemi, mwanangu. Mimi nimekulia Lushoto, nimelelewa na mboga, na neno "kwa jumla" limenitoa hela mara nyingi kuliko neno "tafadhali". Wauzaji wanalijua hilo. Anayeuza debe zima anaondoka mapema na mikono mitupu, kwa hiyo atakupunguzia na kukuongezea mpaka ujione mjinga kuliacha. Wala hakudanganyi. Nyanya haina subira, na yeye hana chumba cha baridi. Anahamisha kuoza kutoka kwenye meza yake kwenda jikoni kwako, na anakulipa ile elfu moja kama ujira wa kukubali. Ndiyo maana nakuuliza: kuna kitu gani kwenye kubeba debe zima, kwenye kuonekana unaondoka na mkungu, ambacho sado na chane mbili hazikupi? Jibu unaweza kulijua wewe tu. Inawezekana ni mazoea. Inawezekana ni yule mtoto aliyesikia hatua za mama yake mlangoni, na leo hapendi kuona mzigo wa mtu yeyote ukirudi nyumbani, uwe wa bibi au wa kijana mwenye lori. Nimelitaja tu, usilichukue kama jibu la daktari.

Neno "ugonjwa" nalo lisubiri kidogo. Wiki nzima uko na cherehani. Siku moja tu kwa wiki unatembea katikati ya watu, unaitwa, unaonjeshwa, unaulizwa habari za watoto. Mtu aliyekaa siku tano kwenye kiti kimoja akienda mahali penye rangi na harufu na kelele, halafu asitake kuondoka, huyo mimi namwona mzima. Ninachojiuliza ni kama inakubidi ununue ndipo uruhusiwe kukaa pale. Umewahi kufika Tengeru ukanunua kidogo, ukakaa kwa mama wa chai ukazungumza, ukarudi? Wangekuita mteja wangu hata hivyo? Jaribu kukisia jibu kabla hujaendelea kusoma.

Umeuliza kama uache kabisa. Unaweza. Genge la mtaani kwenu lina nyanya, zitakuwa ghali kidogo kwa moja moja lakini utanunua nne za leo na hakuna kitakachooza. Hela ya hisa itapona haraka. Ninachohofia ni hizo Jumamosi. Ukiifuta siku yako pekee ya kutoka bila kuweka kitu mahali pake, baada ya mwezi kiu itakuwa ile ile, na ya namna hiyo hutafuta mlango mwingine. Siku hizi mitumba inaletwa hadi mlangoni. Na chuki nayo huingia kimya kimya, unaanza kumwona mumeo kama mtu aliyekunyang'anya soko, ilhali hakusema neno.

Ukiendelea kwenda, ziko njia nyingi za kwenda. Ya kubeba orodha umeshaambiwa na kila mtu na najua huwa inaishia kwenye mkoba. Wapo wanaobeba hela ya manunuzi na nauli tu, simu yenye salio wanaiacha nyumbani. Inasaidia mpaka siku wauzaji wanapokujua vizuri na kuanza kukukopesha, na wewe tayari wanakujua. Wapo wanaokwenda na jirani, wananunua debe moja wanagawana mara tatu kabla ya kupanda gari. Hii ingekupa utamu wa debe bila kuoza kwa debe. Ila jirani huyo ataijua mifuko yako, na katika nyumba yenye siri sasa hivi, fikiria kwanza kama unataka jicho jingine ndani.

Kuhifadhi nako nimekufikiria, maana najua wasomaji wangu wataniandikia kuniuliza mbona sijasema. Mnavu na majani ya kunde hukaushwa, Wagogo wa Dodoma wanaishi na mboga kavu miezi ya kiangazi na hawasikitiki. Nyanya hupikwa rojo, ndizi mbivu ukizitenga na mbichi zile mbichi hukawia, kwa kuwa mbivu hutoa hewa inayoziivisha wenzake. Parachichi unajua mwenyewe, haliivi likiwa mtini, huanza kulainika likishachumwa, ndiyo maana yule kaka anaweza kukupangia mpaka Jumatano. Haya yote ni mazuri. Lakini kukausha na kupika rojo ni kazi ya Jumapili nzima, na mboga isiyokauka sawasawa huota ukungu. Wewe una sare za kushona. Na naona kahatari kengine: mtu anayejua kuhifadhi hupata sababu mpya ya kununua debe la pili.

Kuhusu bibi, nakubembeleza usimwache kwa hasira ya kumdhania mchawi wa hela yako. Lakini hebu waza hivi. Unamkuta saa kumi, mnavu umeshachoka na jua, bei imeshaanguka, unachukua kumi kwa elfu tatu na wewe huwezi kula kumi. Je, ukimpitia saa mbili asubuhi ukachukua mafungu matatu kwa bei yake aliyopanga? Utatumia hela pungufu, yeye atapata zaidi kwa kila fungu, na mnavu utafika nyumbani wa kijani. Ubaya wake ni kwamba jioni atakuwa bado amekaa pale juu ya kiroba na wewe utapita ukiwa na mboga yako tayari. Utaweza kupita? Labda siku za kwanza itabidi upite upande mwingine. Na ukumbuke alikuwa akimaliza mzigo wake kabla hamjajuana. Mama yako naye, siku nyingine alirudi na mzigo, na mkalala mmekula zile zile nyanya chungu. Sivyo?

Sasa baba watoto.

Ile picha ya nyanya kupangwa moja moja kwenye bakuli imenikaa kichwani. Wewe umeisoma kama hukumu, na inaweza kuwa hivyo. Lakini tazama alivyoifanya. Angeweza kukuuliza mbele ya watoto. Angeweza kukupigia simu pale pale sokoni. Alinunua, akabeba, akapanga, akataja bei bila kutaja uongo, akaondoka chumbani. Wapo wanaume wanaofanya hivyo ili mke ajue amekamatwa, wapo wanaofanya hivyo kwa sababu wanaogopa kuuliza na wanakupa nafasi uanze wewe. Wa kwako ni yupi, mimi sijui, wewe umeishi naye. Nimejiuliza tu kama hizi siku zote wewe unamsubiri aseme, naye anakusubiri useme, na nyanya zinalainika katikati yenu.

Ukinyamaza, huenda ikapita. Ndoa nyingi zimevuka mambo makubwa kuliko haya kwa kunyamaza. Lakini ukimwambia kesho kwamba dawa ya mtoto ni elfu kumi, atakuamini? Hilo ndilo naliogopa kwako kuliko nyanya. Na kuna hela ya kikoba ambayo naamini haijui. Siku akiisikia kwa mke wa mwenzake, bei ya sado itakuwa kitu kidogo.

Ukisema, kuna namna mbalimbali za kusema. Unaweza kuanza na bei peke yake: nilikudanganya, sado si elfu sita. Atauliza hela ilikwenda wapi, na usipokuwa tayari kufika kwenye hisa utajikuta unatunga uongo wa pili ukiwa kwenye kuungama wa kwanza. Unaweza kumpa ile karatasi uliyoniandikia mimi, kama ilivyo, sketi na yote. Fundi umeme anasoma michoro, huenda karatasi ikamwingia kuliko maneno. Anaweza kukasirika. Anaweza kukuambia kuanzia sasa manunuzi atafanya yeye, na hapo utapoteza Jumamosi yako kwa amri, jambo ambalo litakuuma kuliko kuiacha mwenyewe. Kama unaona hilo linaweza kutokea, basi siku ya kumwambia hela, mwambie pia na lile la kiti. Mwambie kuhusu siku nne bila kuvuka geti. Mara nyingi tunaungama tulichokifanya na kuficha tulichokuwa tunakitafuta, halafu tunashangaa mwenzetu hakutuelewa.

Na kuna njia moja ambayo hukuitaja. Umewahi kwenda naye? Hata mara moja, Jumamosi asiyokuwa na kazi, akaona yule kaka anavyopanga parachichi kwa siku, akamsikia bibi anavyokuita mwanangu. Inawezekana ataboreka baada ya nusu saa na kukuharakisha, na siku yako itaharibika. Inawezekana pia ndiye atakayesimama mbele ya debe na kusema, "Mama, kwa jumla si ni nafuu?"

Faini za kikoba lipa kwanza, na kama unaweza, zungumza na mweka hazina wenu kabla hisa ya nne haijarukwa. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu na litakupunguzia moyo kwenda mbio usiku.

Nitafurahi ukiniandikia tena, hata mistari mitatu. Gazeti hili likikufikia, zile nyanya zake kwenye bakuli zitakuwa zimeshaoza au zimeshaliwa. Ningependa kujua ni lipi, na nani alizipika.

Shangazi